Maji Yasiyoonjwa

Harufu ya klore, ile dawa ya kusafishia maji, bado inanifuata. Naweza kuwa nafua nguo, au napita tu karibu na darasa lililosafishwa asubuhi, ikanijia puani, na papo hapo niko tena ziwani, mtaani kwetu Mulongwe, miguu kwenye mchanga baridi, ukungu umefunika maji hadi milima ya Burundi haionekani. Asubuhi za namna hiyo ziwa halina ng'ambo. Wanawake wanakuja kuteka, na ndani ya ukungu unasikia kwanza kandambili zao, kisha maongezi, ndipo unaona bidoni za njano, yale madumu ya maji, na sura mwisho kabisa. Nikiota siku zile naota kwa mpangilio huohuo, kandambili kwanza na sura mwisho.

Mimi ni muuguzi, na hasira zangu ziko karibu. Nasema mapema ili usije ukanihurumia bure huko mbele. Waliponiteua kuongoza kazi ya maji mtaani kwetu, mganga mkuu wa ofisi ya afya alisema wanataka mtu anayejulikana, mtoto wa palepale, si mgeni wa kuja na gari na kuondoka nalo. Nilifurahi mno. Nilikwenda mtaa wa Kimanga nikashonesha kikwembe kipya, vazi la kitenge, kwa ajili ya siku ya kwanza, kana kwamba mtu aliyeamka alfajiri kuteka maji ana muda wa kutazama kikwembe cha mwenzake.

Mtoto wa palepale, ndiyo. Mama mkubwa wangu, dada ya mama, ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, katika nyumba yake ya matofali karibu na mto. Anauza ndagala, wale samaki wadogo wanaoanikwa juani, na mikono yake inanukia ndagala hata siku ya kanisa. Mafuriko yameingia nyumba ile mara ambazo nimeacha kuhesabu. Mto ukipanda, anapandisha vitu kitandani, anapanda na yeye, anangoja. Nakumbuka nimelala kando yake juu ya kitanda kile, nikiwa mtoto, maji ya kahawia yanazunguka chini yetu na masufuria yanaelea yakigongana polepole chumba kizima, na yeye anaimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya chini. Sikuogopa hata kidogo. Nilidhani nyumba zote huwa zinafanya hivyo.

Lakini kumbukumbu yangu ya zamani kuliko zote juu yake ni kikombe. Tulikuwa tumepanda Lemera kusalimia ukoo wa mumewe. Tulitembea njia za miguu, na kila nikigeuka bonde la Ruzizi lilikuwa chini zaidi, na mbali kabisa kipande cha ziwa kinang'aa. Tuliingia nyumba moja, wakatuletea maziwa. Nilikuwa na kiu, nikanyoosha mkono. Mama mkubwa akaushusha taratibu, bila kuniangalia. Tukangoja. Yule mwenyeji, mke kijana, pengine mgeni bado katika ndoa yake, alitutazama, akakumbuka, akaona haya. Akachukua kikombe, akanywa funda moja mbele yetu, akafuta mdomo, akakirudisha kwa mikono miwili. Hapo ndipo tukanywa.

Kwetu ni hivyo. Anayekupa kinywaji anaonja kwanza. Soda inafunguliwa mbele ya macho yako, pombe ya ndizi inaonjwa na aliyeimimina, hata maji ya kunywa tu. Maneno ya sumu kwetu ni mengi, na kila familia ina habari yake ya mtu aliyekunywa kwa watu akarudi nyumbani kufa. Ila njiani, tukishuka, mama mkubwa aliniambia kwamba hakumwogopa yule mke kijana. Alisema ukimwonjea mtu unamwambia kwamba likimpata yeye litakupata na wewe, na baada ya hapo mnaweza kuzungumza. Nilikuwa na miaka sita au saba, na nilielewa vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba baadaye nilikwenda shule.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kolera, yaani kipindupindu, kwetu haiji ikaondoka, inakaa. Inapungua, inapanda, kwa sababu mabomba hukauka siku nyingi na watu wanateka ziwani na mtoni. Basi tuliweka meza ukingoni, na chupa ya klore, na bomba la sindano lisilo na ncha. Mama akitoka majini na bidoni yake tunamsalimu, mwenzangu wa kazi anavuta kipimo cha dawa, anakitia ndani, anafunga kifuniko, anatikisa. Ngoja nusu saa, kunywa. Mimi nilivaa jile ya bluu, kizibao cha kazi, nikashika megafoni, kipaza sauti cha mkononi. Nilieleza vidudu, nikaeleza choo, nikaeleza kunawa mikono, na nilieleza vizuri, maana Mungu alininyima upole akanipa sauti. Wanawake walikuwa wananiitikia ndiyo dokta, aksanti dokta, wanajitwisha, wanaingia kwenye ukungu.

Na kila asubuhi ofisi ilituletea maji ya dukani, zile chupa ndogo zenye kifuniko ambacho bado hakijavunjwa. Jua likitoka na koo limekauka kwa megafoni, tulikaa kwenye benchi, mimi na mwenzangu, tukavunja vifuniko, tukanywa. Mbele yao. Kila siku, kwa majuma. Nikiandika hapa naliona benchi lile. Naona wale wanawake wakipita na maji tuliyoyatia dawa, macho yao yakigusa chupa zetu na kuendelea mbele. Najiona na mimi nikifuta mdomo na kuwapungia mkono.

Baadaye tukaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba kupima. Unachota maji kidogo kwenye kichupa, unatia kidonge, unatikisa. Klore ikiwemo, maji yanageuka rangi ya waridi. Niliipenda sana rangi ile, kwa sababu katika kazi yetu vitu vizuri vya kutazama ni haba. Nilianzia kwa mama mkubwa, kwa majivuno. Alikuwa mlangoni anachambua ndagala, akanionyesha bidoni kwa kidevu. Nilitia kidonge, nikatikisa, nikainua kichupa kwenye mwanga, na maji yakabaki vilevile. Nikatia kidonge cha pili, vilevile. Nilimwuliza kama bidoni hii ni ya leo, akasema ni ya leo. Nikamwuliza kama alipita mezani kwetu. Akasema, si tulisalimiana? Na kweli tulisalimiana.

Nyumba ya pili hakuna waridi, ya tatu hakuna. Basi nikajua, klore imeharibika. Nilikwenda depo, stoo ya dawa, nikiwa nimewaka moto. Nilimwambia mtunza dawa kwamba anatupa dawa iliyokufa, kwamba watu wa Mulongwe si jalala, na mengine ambayo sitayaandika. Maskini yule baba alichukua glasi ya maji, akatia tone la klore ileile, akatia kidonge, na glasi ikawa waridi hata nikaona aibu kuitazama. Niliondoka bila kuaga.

Kesho yake niliacha megafoni mezani nikawafuata wanawake kwenye ukungu. Kandambili mbele yangu, maongezi, kicheko cha mmoja. Nyuma ya ukuta wa nyumba iliyobomolewa na mafuriko, kandambili zikasimama. Nikasikia maji yakimwagika, mengi, bila haraka yoyote, na kwa muda nilisimama nikisikiliza tu, maana ilikuwa sauti nzuri. Kumbe walikuwa wanamwaga. Kila mmoja alimwaga bidoni yake, akateremka kwa njia ya pembeni kuteka upya mahali ambapo hatuoni. Matope ya pale yalinukia klore. Kazi yangu yote ya majuma ilikuwa imeingia ardhini, na katikati ya wanawake wale, ameinamisha bidoni kwa mikono miwili, alikuwa mama mkubwa.

Ningeweza kuuliza. Swali moja tu, mnamwaga kwa nini? Badala yake nilirudi mbio mezani, nikashika megafoni, nikawangoja wapite, nikautukana mtaa mzima. Niliwaita wajinga. Nilisema kolera itawafundisha. Nilisema kuna wazee wanasomesha watoto halafu wao wenyewe wanabaki gizani, na hakuna aliyeuliza nasema nani. Sauti ilikwenda juu ya maji ikapotelea huko. Mama mkubwa alisimama mpaka nikamaliza, bidoni kichwani, shingo imenyooka, kisha akaenda zake.

Tangu siku ile hakuja mtu mezani kwetu. Wanawake waliuacha upande ule kabisa, wakaenda kuteka kule mto unapoingia ziwani, na mto wa Mulongwe unashuka na kila kitu ulichokutana nacho njiani, taka, vyoo, mbwa aliyekufa. Kwa kuikwepa sauti yangu walikwenda kwenye maji mabaya kuliko yale waliyoanza nayo. Nililijua hilo. Mwenzangu aliniambia nenda kamwombe radhi mama yako. Nikasema nitakwenda Jumapili. Jumapili ikafika nikasema ijayo. Ukungu ulikuja, ukaondoka. Tulikaa na klore yetu tukitazama ndege weupe wakitembea ukingoni kwa miguu yao mirefu, na mara nyingine nilizama ndani yangu kiasi kwamba nilisikia kandambili ambazo hazikuwepo.

Jirani wa mama mkubwa ndiye aliyekuja kuniita, mchana kweupe. Alisema mama yako anaharisha na kutapika toka asubuhi, na sasa hasemi. Nilikimbia mpaka kandambili moja ikabaki barabarani. Walikuwa wameshampeleka kwenye hema za kolera, na nilimkuta juu ya kile kitanda chenye tundu katikati, na ndoo chini yake. Macho yalikuwa yameingia ndani. Ukimbana ngozi ya mkono, inabaki imesimama. Mwanamke aliyenibeba mgongoni kuvuka mto uliojaa, nilimwinua kichwa kwa mkono mmoja na hakikuwa na uzito wowote. Muuguzi wa zamu alichoma mkono wa kulia, akachoma wa kushoto, mishipa yote imejificha. Akaniambia nimnyweshe kwa mdomo wakati yeye anatafuta mshipa mwingine, anywe hata kidogo kidogo, lakini anywe sasa hivi.

Nilichanganya ile dawa ya pakiti, ya chumvi na sukari, kwenye kikombe cha plastiki. Nikampelekea mdomoni. Akafunga midomo. Nikamwambia mama, kunywa. Akageuza uso. Nikambembeleza, nikamwomba, na aibu yangu ni kwamba nikaanza kupandisha sauti, hata pale, mbele ya mtu anayetutoka. Alifungua macho. Akatazama kikombe, akanitazama mimi, akatazama kikombe tena. Mwanga wa hema ulikuwa wa bluu kwa sababu ya turubai, na kila kitu kilikuwa kimekaa kimya ndani ya bluu ile, na mimi nikaanza kuelewa. Hakuwa anakataa. Alikuwa anangoja, na utulivu ule niliujua, nilikwisha kukaa kando yake kule Lemera, na mkono wangu umeshushwa.

Katika hema za kolera mfanyakazi hali wala hanywi. Imeandikwa mlangoni, na mimi mwenyewe nimeifundisha sheria hiyo kwa ukali. Nikanywa. Funda moja kubwa, chumvi, sukari, na nyuma yake ladha ya klore. Ee Mungu wangu, ilikuwa mara ya kwanza kuonja maji ya klore niliyokuwa nikiwagawia watu siku zote zile. Nikafuta mdomo, nikakirudisha kikombe kwa mikono miwili.

Akanywa. Polepole, lakini akanywa chote. Nikachanganya kingine, nikaonja, akanywa. Mshipa ulipatikana, serumu, ile dripu, ikaanza kudondoka, na mimi nikaendelea na kikombe changu, naonja, nampa, sijui kwa saa ngapi. Mchana ule umekaa kichwani mwangu bila mwanzo wala mwisho. Baadaye sauti yake ilirudi, nyembamba.

"Minye ndiye niliwaambia wamwage," alisema.

Nilimwambia apumzike. Hakutaka.

"Unatia kitu mu maji yangu na sindano, halafu unakaa, unakunywa yako ya duka. Watu waliniuliza, mtoto wako iko anatutilia nini? Ningewajibu nini? Weye ulikuwa unajua. Nilikufundisha."

Nililia, kwa sauti, jile na yote, na muuguzi wa zamu alijifanya anahesabu matone ya serumu. Nilimwomba radhi kwa yale ya megafoni. Alisema yale si kitu, toka utotoni nina kelele, alishazoea. Lile lingine, la kutowaonjea, ndilo lililomwuma.

Alipona. Lakini katika hema ile kulikuwa na mama mwingine aliyeteka kule mtoni siku zilezile, na yeye hakurudi nyumbani. Watu wananiambia si wewe uliyemuua, kolera ndiyo iliyomuua. Nawasikia. Jina lake nalijua, na nikipita kwao nasimama kidogo.

Nilimweleza mganga mkuu mambo yote, hata kikombe nilichokunywa hemani. Alinipa onyo, na nilistahili. Kisha akaniuliza ilikuwaje hata mmoja wetu ofisini asifikirie jambo hilo, watu wazima wote waliozaliwa huku. Nikamwuliza, mgeni akija kwako, nani anaonja? Akasema mke wangu. Tukatazamana. Chupa za dukani hazikuletwa tena.

Nilirudi ziwani bila megafoni, na kikombe cha bati cha nyumbani. Niliteka mwenyewe, nikatia dawa, nikangoja nusu saa yangu nimekunja mikono, nikanywa. Hakukuwa na mtu wa kuniona. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu wanawake wawili walisimama mbali wakitazama, siku iliyofuata wakasogea, nikanywa mbele yao, nikanywa tena alipofika wa tatu. Kufika saa nne tumbo langu lilikuwa linacheza ndani nikitembea, na mwenzangu alinitania kwamba mimi sasa ni bidoni ya lita ishirini, anitikise. Tulicheka kwa mara ya kwanza tangu mambo yale. Ila walikuwa wachache tu. Wengine walikuwa wanamngoja mtu, na nilijua ni nani.

Alikuja asubuhi ya ukungu. Nilisikia kandambili nikazitambua, maana ya kushoto anaiburuza. Nyuma yake zilikuwepo nyingine nyingi, zinatembea kwa mwendo wake wa mgonjwa, hakuna inayompita. Alitokea amekonda, kikwembe kimemzunguka mara mbili, na bidoni yake imebebwa na jirani. Nilimpa pole, nikamwonyesha benchi. Akakataa kukaa. Basi nikachota kikombe kwenye bidoni iliyokuwa tayari, nikakiinua nionje.

Alinyoosha mkono akaushusha wangu, taratibu, bila kuniangalia. Akakichukua kikombe, akageuka upande wa wanawake, nami nikaona shingo yake ikimeza funda moja. Akafuta mdomo. Kisha akanigeukia mimi, akanipa kikombe kwa mikono miwili.

"Kunywa, mutoto wangu," alisema.

Nikanywa. Nilikuwa bado nimeinamia kikombe, macho yamejaa, sioni mtu, niliposikia ndani ya ukungu, mbele ya meza yetu, kifuniko cha bidoni kinafunguliwa, halafu kingine, halafu vingine.